Sahihi ya Mke wa Halvor Brekke

Signe Brekke alipanga sahani mezani kifudifudi, kama walivyofanya wanawake wote wa Lindvik tangu mvua zilipokata. Aliyepanga sahani chali alikula viazi pamoja na udongo wa jirani. Vikombe navyo alivifunika, kisha akatandaza kitambaa kibichi kwenye kizingiti cha dirisha, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

Halvor, mumewe, alikuwa akimtazama huku akivaa viatu. "Unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Basi kaa."

Alikaa. Kabla Halvor hajamaliza kufunga kamba ya kiatu cha pili, Signe alikuwa amesimama tena.

Ndivyo alivyokuwa, na kijiji kizima kilimjua hivyo. Katika kanisa la Kilutheri alikaa mwisho wa benchi ili aweze kutoka. Wanaume waliokaa kwenye ngazi za duka walipomwona akipita walisema mke wa Halvor anatembea kama mtu aliyeangusha pete. Yeye mwenyewe hakujua alichoangusha. Alijua tu kwamba upepo ukianza kuvuma kusini mwa jimbo la Saskatchewan, na katika miaka ile haukujua kuacha, miguu yake ilikataa kutulia.

Huenda alizaliwa nayo tabia hiyo. Baba yake, Anders, alikuja kutoka Norwei akalima Minnesota, na huko ndiko Signe alikozaliwa. Alipokuwa na miaka saba walihamia Dakota. Alipofika kumi na sita, mwaka 1909, walivuka mpaka wakaja Saskatchewan, mahali ambapo mtu alipewa ekari mia moja na sitini za mbuga kama aliahidi kuzilima. Anders alikuwa na dalili yake. Ngano ilipoanza kupungua, alikwenda kusimama kwenye ukingo wa magharibi wa shamba, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kule ambako hapakuwa na kitu ila nyasi na mbingu. Mama yake Signe alipomwona amesimama hivyo hakuuliza neno. Aliingia ndani akaanza kufunga vikombe kwa karatasi. Alifariki katika majira ya pili ya baridi kwenye nyumba ya tatu, na baadhi ya vikombe vilikuwa bado havijafunguliwa.

Signe aliolewa na Halvor akiwa na miaka kumi na tisa. Halvor alikuwa mkulima wa shamba jeusi, na wakati huo hapakuwa na sifa iliyozidi hiyo. Kila mwaka nusu ya shamba ilipumzishwa bila kupandwa, ili udongo uhifadhi unyevu wa mwaka ujao. Lakini kupumzisha hakukuwa na maana ya kuacha. Shamba lililopumzika lilipigwa haro, ile reki kubwa ya chuma inayovutwa na farasi, mara nne, mara tano, hadi likawa jeusi tupu, laini kama unga, bila jani moja la magugu. Jumapili baada ya ibada watu walizunguka na magari yao kutazama mashamba ya wenzao. Aliyeonekana na magugu alisemwa njia nzima. Halvor hakusemwa hata mara moja. Watu walisimamisha magari kwenye kona ya shamba lake la magharibi wakashuka kulitazama, kama wengine wanavyotazama farasi wa mbio.

Halafu mvua zikakata, na unga ule ukaanza kupaa.

Ilikuwa sasa mwaka 1937, mwaka wa nane wa ukame. Binti zao wawili walikuwa wamekwenda kufanya kazi za ndani mjini Regina. Ng'ombe alibaki mmoja, farasi wanne. Chakula kingine kilikuja kwa treni kutoka kwa watu wa mbali waliowahurumia: tufaha, maharage, na ng'onda wa chewa wagumu kama mbao. Majirani wasio Wanorwei hawakujua wawafanye nini samaki wale. Mmoja alijaribu kuzibia paa la banda la kuku. Wengi waliwaleta kwa Signe, naye aliwaloweka, akawachemsha, akawala na Halvor wakiwa wamefunga madirisha ili harufu isitoke na vumbi lisiingie.

Kwa miaka sita Signe alikuwa akisema, "Halvor, tuondoke." Na kwa miaka sita Halvor alijibu, "Mwakani." Kila mtu wa nchi ile alisema mwakani. Mwakani itanyesha, mwakani ngano itapanda. Lakini mwaka huo, mwezi wa Mei, Halvor alisimama kwenye ukingo wa shamba muda mrefu, kiganja juu ya macho, akaingia ndani akasema watahamia kaskazini, kwenye nchi ya miti. Shirika la reli lilikuwa likisafirisha vyombo na mifugo ya wakulima waliotaka kwenda huko. Na mfugaji mmoja wa ng'ombe, Duncan Farquhar, alitaka kununua mashamba yote mawili: la nyumbani, lenye nyumba na kisima na kilima cha nyasi ambacho hakijawahi kuguswa na plau, na lile la magharibi, shamba jeusi.

Signe alikuwa ametamani kuyasikia maneno hayo kwa miaka sita. Alipoyasikia, alijikuta akitazama mkono wa Halvor, aone kama bado ulikuwa juu ya macho yake, kama wa baba yake.

Farquhar alisema atakuja kukagua Jumamosi ya pili ya Juni. Alhamisi Halvor alifunga farasi wanne kwenye haro.

"Unakwenda wapi?" Signe aliuliza.

"Magharibi. Kumeota magugu ya miiba."

"Yaache, Halvor. Kumekauka."

"Nimwoneshe mtu shamba lenye magugu?" Alisema kwa mshangao wa kweli. "Atafikiri amenunua kwa mvivu."

"Upepo ukija?"

"Leo hakuna upepo."

Kweli siku hiyo hapakuwa na upepo. Halvor alipiga haro hadi jioni, akarudi na uso mweusi, meno meupe, amefurahi kuliko alivyowahi kufurahi kwa miaka mingi. Shamba lilikuwa limelala jeusi na laini mpaka kwenye seng'enge, kama siku za watu kushuka magari kulitazama. Hata Signe alilitazama kidogo. Lilikuwa zuri, hakuna wa kukataa.

Ijumaa saa nne asubuhi upepo ulitoka kusini-magharibi. Waliwasha taa mchana. Signe alifunga kitambaa kibichi puani akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni, na Halvor alikaa mezani na mikono magotini. Kila alipotaka kusema kitu alikohoa.

Asubuhi ya Jumamosi palikuwa kimya. Walikwenda magharibi pamoja. Seng'enge haikuonekana; udongo ulikuwa umeifukia, na kuku wa jirani alikuwa akitembea juu yake bila haraka. Na pale palipokuwa na shamba jeusi palikuwa na kitu kigumu, cha kijivu, kama sakafu ya nyumba iliyobomolewa. Juu ya sakafu hiyo kulikuwa na vitu. Vichwa vya mishale vya mawe. Fuvu la nyati, pembe moja. Mawe meusi ya moto yaliyopangwa duara na watu waliopika hapo zamani, kabla hajazaliwa mtu yeyote ambaye Signe aliwahi kusikia jina lake. Miaka ishirini na mitano Halvor alilima juu yao. Vyote hivyo vilikuwa chini ya plau yake, na sasa udongo ulikuwa umeondoka, vyenyewe vikabaki.

Halvor alichutama akaokota kichwa kimoja cha mshale. Akakitazama kwa muda, akakiweka chini polepole, palepale alipokitoa.

Farquhar alikuja saa tatu juu ya farasi wake wa kijivu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Alisimama kwenye kona, akavua kofia, akaivaa tena.

"Halvor, shamba liko wapi?"

"Hili hapa."

"Hili naliona. Nauliza lile nililokuja kununua."

Halvor alifuta mikono kwenye suruali.

"Wiki jana nilipita hapa," Farquhar aliendelea, "palikuwa na magugu ya miiba, mabichi, yamejaa. Nikasema moyoni, Farquhar, ng'ombe wako watapona mwaka huu. Hakuna nyasi, watu wanakata magugu wanaanika. Sasa yamekwenda wapi?"

"Niliyapalilia," Halvor alisema. "Nilitaka ulione safi."

Farquhar alimtazama kwa muda. Cheko lilimpanda likafika kooni, akalizuia, kwa maana hakuwa mtu mbaya. "Safi limekuwa, ndugu yangu. Umefagia hadi udongo."

Walirudi nyumbani. Signe alichemsha kahawa. Mezani Farquhar alisema shamba la magharibi hata akipewa bure atafikiri kwanza. Lakini la nyumbani analitaka bado, kwa sababu ya kisima na kwa sababu ya kilima. "Zile ndizo nyasi za kweli zilizobaki kati ya hapa na reli. Niuzie hilo, la magharibi mwachie upepo. Ameshaanza kulimiliki."

Halvor alinyoosha mkono juu ya meza. Farquhar akaushika. Jambo likawa limekwisha, na Signe alikuwa bado amesimama na birika.

"Mkeo itabidi atie sahihi," Farquhar alisema, akitafuta sukari. "Shamba lenye nyumba haliuzwi bila mke. Na Pettigrew, yule hakimu, atamwingiza chumbani peke yake, amuulize kama umempiga."

Halvor alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Signe? Miaka sita ananiimbia kuhama. Atatia sahihi kwa mikono yote miwili."

Wanaume wote wawili walimgeukia.

"Kahawa inapoa," Signe alisema.

Jumatatu alipanda kilimani. Alijiambia anakwenda kumtazama ng'ombe, lakini ng'ombe alikuwa upande wa pili na hakumtazama. Nyasi pale zilikuwa fupi, zimekauka rangi ya manyoya ya simba, na mizizi yake ilishikana chini kama mkeka uliosukwa vizuri. Signe alipiga udongo kwa kisigino. Hakukutimka vumbi. Alipiga tena, kwa nguvu zaidi, karibu kwa hasira.

"Huo udongo umekufanya nini?"

Alikuwa ni Philomène Trottier, amepiga magoti nyuma ya mwamba na nondo ya kuchimbia mkononi. Philomène alikuwa Mmeti, mtu wa ile jamii ya wawindaji wa nyati waliotokana na Wafaransa na wenyeji wa mbuga. Alikaa na mumewe kwenye ukanda wa barabara, ule mstari mwembamba ambao wapima ardhi waliuacha kati ya mashamba ili siku moja pachongwe njia. Ukanda haukuwa wa mtu, kwa hiyo wasiopewa shamba walijenga humo. Mumewe aliuza nguzo za seng'enge. Yeye alifua, alisugua sakafu za watu kijijini, na kila Juni alikuja kilimani kuchimba viazi mwitu, ambavyo havioti mahali palipolimwa.

"Nasikia mmeuza," Philomène alisema.

"Nani kakwambia?"

"Farquhar. Alipita jana. Yule akiwa na siri, humwambia farasi, na farasi naye husikia pamoja na nchi nzima." Alitia nondo ardhini, akaiegemea, kiazi kikatoka. "Anasema ataweka seng'enge, lakini mimi ataniachia mlango. Nikamwambia bwana, mimi naingia hapa kabla huo mlango haujawa mti."

Signe alicheka. Alikaa kwenye nyasi, akasimama, akakaa tena.

"Shoga, umekalia siafu?" Philomène alimwuliza.

"Kesho natia sahihi."

"Sawa. Si ulitaka kwenda? Kila nikija kwako unasema upepo utakuua."

"Nilitaka."

Philomène alimenya kiazi kwa meno, akakikata, akampa kipande. Kilikuwa kitamu kidogo, kikavu. "Mimi wamenihamisha mara tatu," alisema, bila uchungu wowote, kama mtu anayesimulia bei ya sabuni. "Wakitaka kuchonga barabara wanaleta barua. Ya mwisho haikuwa hata na jina. Imeandikwa, kwa mkaaji."

"Ukaijibu?"

"Niliwashia jiko." Alifuta mikono kwenye gauni. "Wewe angalau utaulizwa. Siku mke wa Lund, wale waliohamia kaskazini mwaka jana, alipokuja kutia sahihi, nilikuwa nasugua sakafu kwa Pettigrew, kwenye chumba cha pili. Mzee akamwuliza, kwa hiari yako, bila kulazimishwa? Mwanamke akanyamaza. Nikamaliza chumba, nikamaliza ukumbi, bado kanyamaza."

"Mwishowe alisemaje?"

"Alisema ndiyo. Alikuwa amebanwa na haja."

Walicheka wote wawili hadi ng'ombe akageuka. Kisha Signe akauliza, kwa sauti nyingine, "Ungekuwa wewe, ungesemaje?"

"Usiniulize mimi. Sina hata mlango wa kutilia sahihi. Hayo ni maswali ya matajiri." Akarudia kuchimba.

Jumanne walikwenda kijijini kwa gari lao la motokaa. Lilikuwa halina injini. Halvor aliiondoa mwaka wa nne wa ukame kwa kukosa petroli, akaunga mbele gogo la kufungia farasi, na farasi wawili walilivuta gari. Hatamu zilipita mahali pa kioo. Halvor alizishika kwa mkono mmoja, na kwa mazoea mkono mwingine ulikuwa juu ya usukani.

"Ukiulizwa, jibu upesi," alisema. "Farquhar ana kazi."

"Sawa."

"Treni inapakia tarehe ishirini na sita. Haro tutakwenda nayo. Kule udongo ni mweusi, Signe, wamesema mweusi kama lami, chini ya miti. Ukishang'oa visiki tu."

"Unakwenda kuufanya laini?"

"Nini?"

"Udongo. Wa huko."

"Sasa shamba unalifanyaje?" Halvor alisema, na kweli hakuelewa alichoulizwa.

Pettigrew, hakimu mdogo wa kijiji, aliuza pia makaa ya mawe, na chumba chake cha ndani kilikuwa na mifuko ya makaa ukutani. Alimkaribisha Signe, akafunga mlango. Nje ya mlango ilisikika sauti ya Farquhar ikisimulia habari za fahali wake. Pettigrew alivaa miwani akasoma karatasi yote, neno kwa neno, mpaka na tarehe. Kisha akaiweka mezani na kalamu juu yake.

"Bibi Brekke, unajua karatasi hii inasema nini?"

"Najua."

"Unajua kwamba sheria inakupa haki katika nyumba hii, na ukitia sahihi haki hiyo inakwisha?"

"Najua."

"Je, unafanya hivi kwa hiari yako mwenyewe, bila kulazimishwa na mumeo?"

Signe alifungua kinywa kusema ndiyo. Neno lilikuwepo, alikuwa amelibeba kutoka nyumbani. Halikutoka. Alimwona mama yake ameinama juu ya sanduku, na karatasi za kufungia vikombe. Minnesota, Dakota, hapa. Mara tatu, na hakuna mtu aliyefunga mlango akavaa miwani akamwuliza mama yake swali hili, wala yeye. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na alikuwa akiulizwa kwa mara ya kwanza, na mzee muuza makaa. Alihisi aibu kwa kutokuwa na jibu. Alitaka kuondoka. Upepo ule, sahani zile, alizichoka kama mtu anavyochoka ugonjwa. Lakini alimwona pia Halvor amekaa juu ya haro chini ya miti ya kaskazini, uso mweusi, meno meupe, amefurahi.

Miguu yake ilikuwa ikitikisika chini ya meza. Aliishika kwa mikono.

"Nikisema sijui?" aliuliza.

Pettigrew alifikiri. "Sijui si ndiyo, mama. Karatasi inataka ndiyo."

"Na nikisema hapana?"

"Hapo tunafungua mlango, watu wanakwenda nyumbani."

"Mume wangu atakasirika."

"Hilo nalo ninatakiwa kuuliza. Atakudhuru?"

"Halvor? Hapana. Atanyamaza."

"Kunyamaza hakumo kwenye sheria," Pettigrew alisema, akasubiri. Hakuwa na haraka. Alitoa leso akaanza kufuta miwani.

Signe alisimama. Hakwenda mlangoni wala dirishani. Alisimama tu, nyuma ya kiti. "Basi iwe hapana," alisema. "Kwa leo."

Farquhar alipoambiwa alipiga paja lake kwa kofia, akasema amewahi kukataliwa na wanawake lakini si kwa ajili ya kisima. Akamwangalia Halvor, akaacha utani, akaondoka. Halvor aliwafunga farasi, akapanda, akashika hatamu. Hakushika usukani.

Walikuwa wamepita ghala refu la ngano, na lilikuwa limebaki dogo nyuma yao, ndipo alipoongea.

"Umeniaibisha."

"Ndiyo."

"Miaka sita. Tuondoke, tuondoke. Nimekubali, unasema hapana."

"Ulimwuliza Farquhar anataka shamba lipi. Ukawauliza watu wa reli siku. Asubuhi hii nimekusikia unamwuliza farasi kama mguu unamuuma."

"Anachechemea."

"Mimi hukuniuliza, Halvor."

"Nikuulize kitu ninachokijua?"

"Mimi mwenyewe sikijui. Nimekaa mle ndani, sikijui."

Halvor alifikiri juu ya hilo kwa maili nzima. Upepo ulikuwa umeanza tena, wa pembeni, na magugu makavu ya miiba yalikuwa yakiviringika kuvuka njia mbele ya farasi.

"Alhamisi ulisema niyaache magugu," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nilisema."

"Sikusikia."

"Ulisikia. Hukuuliza tu nilikuwa nafikiri nini." Akaongeza, kwa sababu hakutaka kumponda mtu aliyekwisha kupondeka, "Lilikuwa zuri, lakini. Alhamisi jioni."

Halvor alitazama mbele. "Lilikuwa zuri," alisema.

Tarehe ishirini na sita treni iliondoka bila vyombo vyao. Halvor alikwenda nayo, amekaa kwenye behewa la mifugo ya jirani, kutazama nchi ya miti kwa macho yake. Haro aliiacha uani. Signe alibaki wiki tatu peke yake, na katika wiki hizo alitembea kuliko alivyowahi kutembea. Alfajiri alikwenda hadi kwenye nguzo ya chuma waliyoipigilia wapima ardhi kwenye kona ya shamba, akarudi. Mara mbili alijiona mpumbavu kabisa, akaanza kwenda kijijini kumwambia Pettigrew ameghairi. Mara zote mbili alirudi nyuma alipofika kwenye ukanda wa barabara, mbele ya kibanda cha Philomène, ambaye alimtazama akipita na akirudi, bila kumwuliza kitu. Mara ya pili alimpa mundu.

Pembeni mwa shamba la magharibi, kwenye udongo uliofukia seng'enge, magugu ya miiba yalikuwa yameota tena. Waliyakata mabichi, wakayaanika, nusu kwa nusu, mikono ikijaa damu. Ng'ombe aliyanusa kwa chuki, akayala.

Halvor alirudi siku ya Jumapili, amekonda, shingo yote imeumwa na mbu. Alikula. Alipomaliza alisukuma sahani.

"Kuna maji," alisema. "Kila mahali maji. Miti mpaka huoni jua. Wana wa Lund wamesafisha ekari mbili tangu mwaka jana. Mbili. Mke wa Lund anakusalimu. Amesema hajaona upeo wa macho tangu Oktoba, na anapanda juu ya paa kuutafuta."

"Udongo?"

"Mweusi." Alitandaza vidole juu ya meza. "Mwembamba. Nilichimba kwa koleo. Shibiri moja, halafu mchanga. Ukiupiga haro miaka mitano—" Hakumaliza.

Signe alikuwa akiosha vyombo. Aliacha mikono ndani ya maji.

Halvor aligeuza kiti chake kikamwelekea. Ilionekana kama jambo lenye kumchosha, kama kuinua kitu kizito kwa mkono asiouzoea. "Signe. Twende, au tukae? Unaonaje?"

Majibu yote mawili yalimjia kwa pamoja, yakasukumana. Kuulizwa kulikuwa na kazi yake, na hakuna aliyewahi kumfundisha kazi hiyo.

"Sijui," alisema. "Majira haya ya baridi tukae. Kilima usikiguse. La magharibi liache liote linachotaka, hata watu wakitusema kanisani. Halafu uniulize tena."

"Watasema."

"Waseme."

"Nikuulize lini?"

"Theluji ikiyeyuka."

Halvor alitikisa kichwa kukubali, akatoka kwenda kuwanywesha farasi. Signe alimaliza sahani moja. Kisha akaiacha ya pili ndani ya maji, akafuta mikono, akatoka nje na kuanza kutembea kuelekea magharibi, haraka, kama mtu anayechelewa mahali.